Kutoka Kuaka hadi Kufyatua: Historia ya Ukataji wa Mawe katika Kiswahili cha Dar es Salaam

Kiswahili kina vitenzi viwili vya kale vinavyotaja kazi ya kusimamisha nyumba. Cha kwanza ni “jenga”, ambacho hakuna mzungumzaji asiyekijua. Cha pili ni “aka”, ambacho mwanafunzi wa leo hukutana nacho, kama akibahatika, katika kurasa za mwanzo za kamusi. Kwa matumizi ya zamani ya pwani, kujenga kulihusu hasa nguzo, fito na udongo wa kukandika, ilhali kuaka kulihusu mawe na chokaa. Kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939 bado ilikitambua kitenzi hicho cha pili kuwa ni kazi ya mwashi. Katika miongo iliyofuata “jenga” kilipanuka hadi kikameza maeneo yote mawili, na leo nyumba ya ghorofa ishirini hujengwa kwa kitenzi kilekile cha kibanda cha makuti.

Hata hivyo “aka” hakikutoweka bila ya kuacha mtoto. Fundi anayepanga mawe au matofali angali anaitwa mwashi, na nomino hiyo imezaliwa na kitenzi “aka” kwa kanuni ileile iliyotoa mpishi katika pika, mwandishi katika andika na mcheshi katika cheka: sauti k hugeuka sh inapofuatwa na kiambishi tamati -i cha mtenda. Mzazi amesahauliwa, mtoto yu kazini kila asubuhi, kutoka Tegeta hadi Mbagala, amebeba mwiko na timazi. Mwanaisimu aonapo jambo la namna hiyo ana haki ya kushuku kwamba chini yake kuna historia.

Hoja inayotetewa katika mhadhara huu ni kwamba vitenzi vya mawe katika Kiswahili vimepangana kama matabaka ya udongo katika shimo la mwanaakiolojia. Chini kabisa kuna kuaka na kuchonga. Juu yake kuna kubanja na kuponda. Juu kabisa, mahali ambapo mvua ya mwaka huu imenyesha, kuna kufyatua. Kila tabaka lina jiwe lake, zana zake na watu wake. Na kadiri kazi hiyo ilivyoteremka kutoka kwenye kuta za majumba na misikiti hadi kwenye njia inayokanyagwa na kila mtu, ndivyo kamusi zilivyozidi kuwapa kisogo wanaoifanya. Upungufu huo una gharama, na gharama yenyewe haihusu lugha peke yake.

Jiwe na bahari

Sehemu kubwa ya pwani ya Waswahili imekaa juu ya matumbawe ya kale. Yalikuwa miamba hai wakati bahari iliposimama juu kuliko ilivyo leo. Maji yaliposhuka, yaliachwa nchi kavu yakagandamana kuwa mwamba wa chokaa wenye matundu na makombe. Ndilo jiwe linaloonekana katika kingo za Msasani na Kunduchi, na ndilo lililo chini ya kilima cha Wazo, ambako kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji mwaka 1966.

Waashi wa zamani walitumia mawe ya aina mbili, na tofauti yao ndiyo ufunguo wa zana zote. Kulikuwa na jiwe la nchi kavu, gumu, lisilokubali ncha kali, ambalo lilichimbwa kwa mtaimbo, likavunjwa mapande na kupangwa ukutani kwa chokaa nyingi ili kuficha sura yake mbaya. Na kulikuwa na tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, aina ambayo wanabiolojia huiita Porites. Hili lilikatwa wakati wa maji ya bamvua, bahari inapokupwa hadi mbali, kisha likapakiwa vyomboni na kuletwa pwani. Likiwa bado na unyevu hukubali kukatwa kwa shoka na tezo karibu kama mti. Likikauka hewani hugumu na kubaki na umbo alilolipa fundi. Kwa hiyo fundi wa tumbawe alifanya kazi kwa kushindana na jua. Alipasua pande kuwa vibamba, akavinyoosha kwa tezo, akavisugua kwa jiwe gumu zaidi, kisha akamalizia nakshi kwa tindo, na yote hayo yalipaswa kukamilika kabla jiwe halijamkatalia.

Matokeo yake yangalipo. Katika Shanga, kwenye visiwa vya Lamu, uchimbaji wa Mark Horton katika miaka ya 1980 ulionyesha matumizi ya tumbawe la baharini tangu karne ya 10 hivi. Kilwa Kisiwani, ambako Neville Chittick alichimba katika miaka ya 1960, kasri la Husuni Kubwa la mwanzo wa karne ya 14 lina mihimili, miimo na nakshi ambazo fundi wa mawe wa nchi yoyote angezionea fahari. Kunduchi penyewe, katika Kinondoni ya leo, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina. Baadaye tumbawe la kuchonga lilipungua. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18 zidaka na mapambo mengine yalitengenezwa zaidi katika lipu ya chokaa kuliko katika jiwe lenyewe. Nakshi ilihama kutoka kwa mkata mawe kwenda kwa mpiga lipu.

Majina ya zana

Yafaa kutulia kidogo hapa, kwa sababu maneno ya karakana yana jambo la kusema katika mjadala ambao wanahistoria wameuendesha kwa muda mrefu. Chittick na wenzake wa kizazi chake waliiona miji ya mawe kuwa hasa ni kazi ya wageni kutoka ng’ambo. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985, walitumia ushahidi wa lugha kudai kinyume chake: kwamba miji hiyo ilikua kutoka katika jamii za Kiafrika za pwani. Msamiati wa kukata mawe unaunga mkono dai hilo la pili, ingawa kwa namna inayohitaji uangalifu.

Vitenzi vyenyewe vya kazi ni vya Kibantu: chimba, chonga, pasua, vunja, banja, ponda, noa. Zana kuu nazo ni za Kibantu. Nyundo na shoka yana ndugu zake katika lugha za bara hadi mbali sana na bahari. Tindo, yaani chuma cha kukatia jiwe au chuma kingine kwa kupigwa nyundo, ni nomino iliyoundwa kwa kiambishi tamati -o kutoka katika kitenzi “tinda”, ambacho katika Kimvita ni sawa na “chinja” cha Kiunguja. Ndicho kinachosikika pia katika kitindamimba, mtoto anayekata uzazi. Timbo, yaani shimo linamochimbwa mawe, limeundwa vivyo hivyo kutoka katika “timba”, sawa na “chimba”. Maneno haya mawili yameingia katika Kiswahili sanifu yakiwa yamevaa t ya kaskazini ilhali vitenzi vyake vimesanifiwa kwa ch ya Unguja. Mwanafunzi wa lahaja anayetafuta ushahidi kwamba ufundi ulisafiri na mafundi kutoka mji hadi mji hana haja ya kwenda mbali.

Sululu nayo ina uzuri wake. Ni jina la chombo cha kuchimbia chenye ncha iliyopinda, na pia ni jina la ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, ambaye hutembea matopeni maji yakipwa akichokoa chakula chake. Anayewatazama mchimba mawe na ndege huyo katika ufuo mmoja haoni sababu ya kuuliza kwa nini wanashirikiana jina.

Sasa litazamwe kundi la pili. Saruji ni neno la Kiajemi, na katika Oman linataja hadi leo mchanganyiko wa udongo uliochomwa uliotumika kuziba mifereji ya maji. Tanuri limetoka katika Kiarabu. Karai limetoka Bara Hindi. Baruti imepita mikono mingi kabla ya kufika kwenye miamba yetu. Yaani kile kinachokata ni cha hapa, na kile kinachochanganya, kuchoma na kulipua kimekuja kwa jahazi. Ushahidi wa maneno peke yake hautoshi kuamua nani alijenga nini, kwani jina laweza kukopwa bila kitu na kitu chaweza kukopwa bila jina. Lakini ni vigumu kuamini kwamba watu waliofundishwa kazi yote na wageni wangekopa jina la gundi na kukataa jina la kisu.

Kutoka dari hadi njiani

Mitaa ya miji ya kale ya pwani kwa kawaida haikutandazwa mawe. Ilikuwa mchanga na vumbi la matumbawe, yenye kivuli cha kuta ndefu. Kilichotandazwa kilikuwa ndani ya nyumba: sakafu. Neno hili linastahili umakini, kwa sababu katika Kiarabu asili yake, saqf, humaanisha dari au paa, si mahali pa kukanyaga. Maana haikupinduka kwa uzembe. Katika nyumba ya mawe ya pwani, boriti za mikoko hulazwa juu ya kuta, mawe yakapangwa juu ya boriti, kisha zege la chokaa na kokoto likamwagwa na kupigwa. Kitu hichohicho ni paa kwa aliye chini na uwanja kwa aliye juu. Waswahili walichagua kukiita kwa upande wa aliye juu, wakaunda na kitenzi “sakifu” cha kutaja kazi yenyewe.

Kazi ya kusakifu ilikuwa ya watu wengi. Chokaa mbichi ilipigwa kwa vijiti vya mbao siku baada ya siku, mara nyingi na wanawake na watoto waliokaa kwa safu na kupiga kwa mwendo wa nyimbo, mpaka maji yakatoka na uso ukashikamana. Katika historia ya mawe ya pwani hapa ndipo mwanamke anapoonekana waziwazi akiwa mfanyakazi, na mikononi mwake ana kitu cha kupigia. Ataonekana tena Kunduchi.

Sultani Majid bin Said alipouchagua mwambao wa Mzizima mwaka 1862 na kuanza kujenga mji wake miaka michache baadaye, alileta ufundi huu tayari ukiwa kamili. Jengo la Boma la Kale, lililokamilika karibu mwaka 1867 kwa ajili ya wageni wake, ni la matumbawe, chokaa na boriti. Majid alifariki mwaka 1870, mji ukazorota, kisha Wajerumani wakaufanya makao makuu mwaka 1891 wakakuta waashi, machimbo na matanuri ya chokaa vikiwapo. Walichokileta kwa wingi kilikuwa barabara, na hata neno hilo ni la Kiajemi lenye asili ya usawa: njia iliyolinganishwa. Kiswahili kimelihifadhi pia katika kielezi, mtu anaposema kazi imefanyika barabara.

Kokoto za Kunduchi

Mji ulipokua baada ya uhuru, jiwe lilibadilika tena kazi. Saruji ya Wazo ilifanya tofali la mchanga kuwa rahisi kuliko jiwe la kuchonga, na baada ya hapo kilichotakiwa kutoka kwenye mwamba wa matumbawe hakikuwa tena pande lenye umbo bali vipande vidogo vya kuchanganya katika zege. Kunduchi na vitongoji vyake, hasa Mtongani na Meko, vikawa machimbo. Katika miaka ya 1980 na 1990, mishahara iliposhindwa kukidhi mahitaji na marekebisho ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986 yalipopunguza ajira, watu wengi walishika nyundo, na miongoni mwao wanawake walikuwa wengi.

Mbinu yao haina kifani cha kujivunia, lakini ina ujuzi. Mwanamume hushuka shimoni na mtaimbo na sululu, akafuata mpasuko wa asili wa mwamba, akabandua mapande. Mapande hupandishwa juu na kuuzwa kwa mkupuo. Mwanamke huyanunua, hukaa chini, huweka jiwe kubwa la kupigia mbele yake, na hushika kila kipande kwa pete ya mpira uliokatwa kwenye tairi ili vidole visipigwe na vipande visiruke machoni. Hapigi katikati. Hulizungusha jiwe mpaka aone mstari unapopita, hupiga ukingoni, na jiwe hufunguka lenyewe. Aliyezoea hutoa kokoto za nusu inchi na za robo tatu bila ya kutumia chujio, kwa jicho tu, na chenga zinazobaki nazo zina mnunuzi wake. Kipimo cha mauzo ni ndoo na debe. Lori likija, hesabu hugeuka kuwa tripu.

Kitenzi cha kazi hii ni kipi? Dar es Salaam watu husema kuponda, kugonga au kupasua kokoto. Unguja husikika kubanja, kitenzi kizuri zaidi kwa sababu kamusi hukieleza kwa kuvunja kitu kigumu kama kokwa au koroma kwa pigo moja lililopimwa, na hivyo ndivyo jiwe linavyovunjwa. Kuponda ni kusaga bila mpango. Mwenye kubanja anajua anachokitafuta ndani.

Lakini nomino ya mtenda haipo mahali panapostahili. Mwashi ana kidahizo. Mchongaji anacho, sonara anacho, mhunzi anacho. Mbanja kokoto hana. Mtunga kamusi atajibu kwamba nomino hiyo inatabirika kutokana na kitenzi na kwa hiyo haihitaji kuorodheshwa. Jibu hilo lingekubalika zaidi kama mpishi na mwimbaji, wanaotabirika vilevile, wasingeorodheshwa.

Athari ya pengo hilo haikomei kamusini. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inaviweka vifaa vya ujenzi, mchanga na mawe pamoja navyo, katika kundi la madini, na kuweka leseni ndogo kwa Watanzania wanaochimba kwa mtaji mdogo. Jiwe la Kunduchi likawa madini ya ujenzi, neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya machimbo yenyewe. Mwenye leseni akawa mchimbaji mdogo. Mwanamke aliyekaa juu ya ukingo na nyundo yake hachimbi. Ananunua jiwe na kulivunja, na istilahi ya mchimbaji haimfikii. Machimbo yanapofungwa kwa sababu nyumba zimesogea na mashimo yamekuwa hatari, mwenye leseni ana hati ya kudai. Yeye ana ndoo. Kokoto ngumu zinazojenga maghorofa ya jiji nazo sasa huletwa kwa malori kutoka Lugoba na Msolwa, upande wa Chalinze, ambako mashine husaga mwamba mgumu kuliko matumbawe.

Jiwe linalofyatuliwa

Tabaka la juu kabisa ni la kitofali cha kutandaza njia. Nchini Kenya kimepata jina la kabro. Dar es Salaam huitwa pevingi, jina la Kiingereza la kitendo cha kutandaza lililogeuzwa kuwa jina la kitu chenyewe, kama ilivyo desturi ya maneno yanayoingia lugha kwa mlango wa karakana bila ya kupita darasani. Kimeenea nyuani, katika vituo vya mafuta, viwanja vya misikiti na makanisa, na vijia vya watembea kwa miguu. Yadi za kukitengeneza ziko kandokando ya barabara za Tegeta, Mbezi na Mbagala, na ng’ambo ya bahari katika Kigamboni, iliyokuwa sehemu ya Temeke kabla ya kuwa wilaya.

Kitenzi chake ni “fyatua”. Asili yake ni mtego: kamba iliyovutwa huachiliwa, mti hurudi kwa kishindo. Kikahamia kwenye bunduki, kisha kwenye tofali linaloachiliwa kutoka katika kalibu. Saruji, mchanga na vumbi la kokoto huchanganywa kwa maji machache, hutiwa katika kalibu, hutikiswa juu ya meza inayotetemeka ili hewa itoke, kisha hufyatuliwa na kumwagiliwa maji kwa siku kadhaa, ingawa wahandisi hupima nguvu yake kamili baada ya siku 28. Kwa maneno mengine, jiwe la njia halikatwi tena kutoka katika mwamba. Linazaliwa na umbo lake.

Hata hivyo kisu hakikustaafu. Hakuna uwanja ambao kingo zake zinalingana na vitofali. Penye kona, shimo la maji au shina la mwembe pana kitofali kinachopaswa kukatwa. Njia ya kwanza ni ya tindo. Fundi huchora mstari kwa chaki kuzunguka pande zote nne, hukilaza kitofali juu ya mchanga ili kisirudishe pigo, huweka tindo pana juu ya mstari na kupiga kidogo kidogo akikizungusha, mpaka alama iingie pande zote. Pigo la mwisho huwa na nguvu, na kitofali huachana pale pale. Siri yake ni kwamba zege huvumilia sana kukandamizwa na huvumilia kidogo sana kuvutwa. Alama inayozunguka huikusanya nguvu ya pigo mahali pamoja na kuifanya ivute. Fundi wa Husuni Kubwa angeielewa kazi hiyo bila ya kufasiriwa. Njia ya pili ni mashine ya mkono yenye wenzo na meno mawili yanayobana kitofali juu na chini mpaka kipasuke. Njia ya tatu, ambayo imeshinda, ni grainda: diski yenye chembe za almasi, inayozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika katika mashine ndogo, na inayokata kwa sekunde chache kile ambacho tindo hukikata kwa dakika kadhaa.

Mwanza, ambako mji umekaa juu ya matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, njia za milimani zimetandazwa mawe halisi yaliyopasuliwa kwa nyundo, na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanzishwa mwaka 2017, umeendelea kujenga barabara za mawe huko. Dar es Salaam haina jiwe la namna hiyo. Ina mchanga, saruji na grainda.

Vumbi

Tofauti kati ya tindo na grainda inaonekana kuwa ya kasi. Kwa mapafu ni tofauti ya vumbi. Tindo huangusha vipande. Grainda husaga mstari mzima kuwa unga, na sehemu ya unga huo ina chembe ndogo kuliko milimita 0.01, ambazo jicho halizioni na pua haizizuii. Mchanga uliomo katika zege una silika kwa wingi, na matale vilevile. Chembe zake zikifika ndani ya pafu hubaki humo, hulikovusha, na humwacha mtu akihema kwa shida. Ugonjwa huo hauna tiba, na humweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Kwa kuwa dalili zake zinafanana na za kifua kikuu, mitaani huitwa kifua tu, na mtu hutibiwa kile ambacho pengine hana.

Hapa historia ya jiwe na historia ya maneno zinakutana. Kwa takriban miaka elfu moja, fundi wa pwani alikata tumbawe, ambalo kwa sehemu kubwa ni chokaa na lina silika kidogo, na sehemu bora ya jiwe hilo aliikata likiwa na maji. Lugha yake haikuhitaji jina la maradhi ambayo jiwe lake halikuyaleta kwa wingi. Jiwe lilipobadilika, jina halikuundwa. Wataalamu wa tiba husema silikosisi, neno ambalo mkata pevingi wa Mbagala hana pa kulisikia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 iliandikwa kwa Kiingereza; marekebisho ya mwaka 2021 yameifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na kwa hiyo kazi ya istilahi za aina hii imekuwa ya lazima. Taasisi iliyoanza kama Kamati ya Lugha mwaka 1930, ikawa TUKI, kisha TATAKI mwaka 2009, pamoja na BAKITA, zina uzoefu mrefu wa kuunda istilahi za isimu, fizikia na kemia. Zitakapofika kwa mkata mawe zitakuta kwamba nusu ya kazi imekwisha fanywa. Kubanja, tindo, chenga, kuchora mstari, kulowesha: haya ni maneno ya tahadhari yanayosubiri tu kuandikwa kwenye bango la yadi. Anayeambiwa “lowesha kitofali kabla hujatia grainda” haitaji kujua kemia ya silika ili apone, na mkata tumbawe wa Shanga alikuwa akilowesha tayari, kwa sababu nyingine.

Vijana wanaosubiri kuitwa kazini hukaa kijiweni, yaani kwenye jiwe dogo, neno ambalo mji umelifanya kuwa jina la mahali pa kusubiria riziki. Wakiitwa kumalizia uwanja wa nyumba huja na grainda ya kukodi na, chini ya mfuko, tindo iliyofuliwa kutoka katika kipande cha nondo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, grainda huwekwa kando juu ya rundo la mchanga. Fundi hutoa chaki, hukizungusha kitofali, na sauti inayosikika uani baada ya hapo ni ya nyundo.